Punda wa Kidichi

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, ingawa shikamoo yako haijafika. Bibi yako mzima, ananuna tu.

Uliuliza kama babu yangu wa Kidichi alikuwa sheikh kweli. Nimekwenda maktaba ya nyaraka, nikasoma kila kitu. Haya, nimesoma karatasi moja, tena nusu. Niliona herufi za Kiarabu na jina lake, nikaibusu, nikaiweka kipajini, nikasema "Amin" hadi chumba kizima kikanigeukia.

"Babu," akaninong'oneza bi mtunza nyaraka, "hicho Kiswahili, herufi tu za Kiarabu. Mzee wako kashitakiwa. Punda wake kala kanzu ya kadhi."

Bibi yako usimwambie. Yeye anajua kaolewa ukoo wa masheikh.

Ile miwani uliyoniahidi ilete upesi. Mwisho wa karatasi umefifia, nami nnataka kujua kama tulishinda kesi.

Babu yako