Mke Wangu, Kinu Chako Kinaenda Hispania

Mke wangu, Mama Neema,

Nakuandikia hadharani, mbele za watu, kwa sababu nikikuandikia chumbani nitajisamehe haraka. Unanijua. Ningeweka utani hapa, utani pale, mwisho nijipigie makofi mwenyewe. Hapa watu wananiangalia, angalau nitaona haya.

Habari yenyewe ni hii: Jumamosi naitoa ile karavani yetu kubwa. Naenda nayo Hispania. Siendi peke yangu.

Subiri, usininunie kwanza. Acha nianzie mbali, maana moja kwa moja siwezi.

Unakumbuka siku nilipoileta pale nyumbani Thornton Heath? Asubuhi niliondoka kwenda kuuza mafriji yangu ya mtumba, jioni nikarudi navuta nyumba nyuma ya gari. Ukatoka na yunifomu yako, umechoka kuogesha wazee wa watu, ukaizunguka, ukainama kuangalia chini. Matairi mawili kushoto, mawili kulia.

"Baba Neema, hili trela au basi la mkoani?"

"Ekseli mbili, mke wangu. Hatuendi matembezini na banda la kuku."

"Na sisi tuko watatu!"

"Mgeni akija atalala wapi?"

Mgeni gani, msituni Ufaransa tulikokuwa tunaenda? Lakini hukunibishia. Ulicheka tu, ukaingia ndani ukaanza kupima mapazia.

Ugomvi ulikuja siku ya kupakia, ulipotokea na kinu. Kinu chenyewe kile cha mti, cha mama yako, mtu mzima anakibeba kama anabeba mtoto mnene. Nikasema nani anapeleka kinu Ulaya? Ukanijibu, "Kwani hapa tulipo ni wapi? Kimefika London, Ufaransa kitashindwa nini?" Ukakisukuma chini ya kitanda cha mbele, kisitugonge vidole.

Tukavuka na feri. Kempu ya kwanza, uwanja wa kuegesha karavani na kulala, yule mama wa mapokezi akachungulia dirishani, akaiangalia karavani, akatikisa kichwa. Damu ikanipanda. Nikasema ni rangi yetu hii, nimeshaelewa, twende zetu. Wewe ukanishika mkono ukanipeleka kwenye kibao cha getini. Wamechora karavani ina matairi mawili upande mmoja, wameipiga mstari mwekundu.

"Hawajatukataa sisi, baba. Wamekataa matairi yako."

Tulicheka mpaka Neema akapandisha vioo vya gari kwa aibu. Kumbe kempu nyingi kule ekseli mbili hawataki, na mimi nilinunua ukubwa bila kuuliza mtu. Ya pili wakatukataa vilevile. Ya tatu ikatupokea, ila karavani ikagoma kugeuka. Ndogo zile watu wawili wanazizungusha kwa mikono, yetu ilihitaji kijiji. Wakaja majirani, Waholanzi, nikawafundisha kuitikia "Haya, twende!" Wanaitikia vizuri kuliko kwaya yetu.

Jioni ukaketi nje ukaanza kutwanga kitunguu saumu. Du! Du! Du! Yule Mholanzi mrefu akaja mbio na nyundo ya mpira, akidhani tunahangaika kupigilia vigingi. Ukamkaribisha pilau. Alirudi kesho yake bila nyundo, kabeba sahani.

Usiku ule uliniambia yule bibi uliyekuwa unamtunza kazini alikusimulia bahari ya Hispania, maji ya uvuguvugu kama ya kwetu Tanga. "Mwaka kesho tufike huko," ulisema. Nikasema tutafika, nani wa kutuzuia.

Mwaka kesho ulipofika ulikuwa umelazwa. Yaliyobaki unayajua wewe kuliko mimi.

Anaitwa Rehema. Anakaa Hounslow, anafanya usafi uwanja wa ndege. Na mumewe waliachana zamani. Sikumtafuta, alikuja kununua friji, nikamfanyia utani, akanirudishia mkubwa zaidi. Ningekuwa namhurumia tu, au ananipikia tu, ningekutazama usoni. Shida ni kwamba nacheka, Mama Neema. Nacheka vilevile kama pale kwenye kibao. Halafu nikifika nyumbani nafunga mlango polepole kama mtu aliyechelewa.

Na Hispania ni mimi niliyeitaja. Yeye alisema popote. Mdomo wangu ukasema Hispania, na mahali pale palikuwa pako.

Nilimwambia Neema. Akasema, "Dad, just go. It's fine." Hiyo "fine" yao unaijua, ina mlango umefungwa ndani.

Basi nikaanza kusafisha karavani. Kinu nikakitoa, nikakipeleka stoo, nikakifunika na gunia kama naficha mtu. Mabegi ya Rehema nikayapanga nyuma. Nikaenda kuijaribu barabara kuu, mkia ukaanza kucheza kushoto kulia, malori yananipigia honi, nikamwita Mungu kwa majina yote. Fundi akapima uzito wa pua, pale karavani inaposhika gari. Akasema mbele nyepesi sana, ndiyo maana mkia unacheza, umetoa nini? Nikajifanya sijasikia Kiingereza.

Narudi nyumbani, namkuta Neema amesimama ndani ya karavani ameinua godoro la mbele. Mtoto ambaye tangu tukuzike hajanijibu Kiswahili hata salamu. Akaniuliza, "Baba, kinu ya Mama iko wapi?"

Tulikibeba wawili, mimi na yeye, tukakirudisha chini ya kitanda. Mabegi tukayasogeza mbele. Akaondoka akinigusa bega.

Jana Rehema akaja kuona tumefikia wapi. Akafunua pale mbele, akakiona. "Kumbe Baba Neema unajua kupanga mzigo!" Na mimi, mume wako, nikatoa kifua nikasema, "Ee, uzoefu huo."

Hapo ndipo niliposhindwa. Kumpa mwingine nafasi yako kitandani nimeweza, halafu hata sifa ya kinu nikuibie? Nikakaa chini. Nikamwambia cha nani, nani alikiweka pale, na Hispania ilikuwa ya nani. Nikamwambia akitaka kughairi namwelewa.

Akakipapasa kinu ukingoni. Akauliza, "Alikuwa anatwangia nini?"

"Kitunguu saumu."

"Basi tununue kingi huku huku. Cha njiani sikiamini."

Sikuombi ruhusa, maana nimeshaichukua, na hilo linanichoma. Lakini tukifika kwenye hayo maji yako nitaingia kwanza peke yangu, na viatu mkononi, nikuambie kama yule bibi alisema kweli.

Ni mimi mumeo wa matairi manne,
Baba Neema