Nilimpigia Mbogo Mluzi, Anayelipa ni Mkwe Wangu

Shangazi Justa wa gazetini,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba, nimeipokea kabla hujaitoa. Mimi ni mzee wa Buhongwa, miaka sabini na moja, mke wangu alishatangulia, na shule niliishia darasa la tano kwa sababu ng'ombe walikuwa wengi kuliko watoto wa kuwachunga, kwa hiyo pale ambapo ilitakiwa nukta na mimi sijaweka, utaweka wewe mwenye kazi hiyo. Nina jambo limenikaa kooni kama mwiba wa sato, halishuki wala halitoki, na nakuomba ushauri wewe kwa sababu hunijui, wanaonijua wote nimeshawadanganya.

Mke wa mwanangu, nitamwita Rachel maana majina yote humu nimeyabadilisha, ni Mhaya wa Muleba, amesomea utalii na kazi yake ni kuongoza wazungu wanaoizunguka Afrika kwa lori kutazama wanyama. Siyo lori la mchanga Shangazi, hili lina viti juu na madirisha mapana, linatoka Nairobi linapita Uganda na Rwanda ndipo linaingia kwetu, ndani wamo watu kama ishirini wasiojuana, wanalala kwenye mahema, wanapika wenyewe, wakiosha sahani wanazipunga hewani mpaka zikauke, utadhani watu wanafukuza nzi msibani. Mwezi wa sita wawili waliugua wakabaki Kigali, Rachel akaniombea nafasi moja kwa bosi wake, akapiga simu, "Baba, si unasema simba unayemjua ni wa kwenye noti ya elfu mbili? Jiandae, tunakupitia." Likaja lori limevuka daraja la Busisi, likapita Usagara, likasimama mbele ya duka la mangi hapa kwetu, nikapanda na fimbo yangu na blanketi, watu wa dukani wakadhani nimekamatwa.

Nilifurahi, sifichi. Tukapita Magu, tukapita Lamadi, tukaingia geti la Ndabaka, na mimi niliyezaliwa Misungwi, mwendo wa nusu siku tu kutoka hapo, nikamwona twiga kwa mara ya kwanza sawa na mtoto wa Ulaya. Nilipewa zamu ya kukata vitunguu na mama mmoja Mjerumani, hatukuelewana hata neno moja lakini tulilia pamoja.

Tatizo ni ukwe. Mimi nimelelewa Kisukuma, mkwe na baba mkwe hawaonani wakila, hawashikani hata mkono, na lori halina chumba cha kujifichia. Siku ya kwanza nilichukua sahani yangu nikaenda nyuma kula nikiwa nimelitazama tairi, ili Rachel asinione natafuna, na wazungu watano wakaja na sahani zao wakajipanga pembeni yangu, wakalitazama tairi na wao, wakidhani ni ibada. Sikuwakataza.

Sasa ndani ya lori kuna kengele ya kumwambia dereva asimame. Ukibonyeza mara moja ni picha, ukibonyeza mara mbili ni kuchimba dawa. Zikilia mbili Rachel anageuka anauliza kwa sauti, "Nani?" halafu anashuka yeye kwanza, anazunguka lori, anakagua vichaka, ndipo anasema haya shuka, hapa hapa nyuma ya tairi, usiende mbali. Wazungu wananyoosha mkono bila haya. Mimi nimnyooshee mkwe wangu mkono kumwarifu kwamba kibofu kimejaa? Nikabana. Siku ya pili asubuhi nilikuwa nimekunywa chai vikombe vitatu, nikabana mpaka nikawa sioni tofauti ya nyumbu na pundamilia.

Ndipo kengele ikalia mara moja, twiga upande wa kulia, wote wakajazana kulia na simu zao, Rachel akawaelezea habari za twiga. Nikaona huu ndio mwanya. Nikafungua mlango wa kushoto taratibu, nikashuka ngazi, nikatembea hatua kama kumi na tano mpaka kwenye kichaka, nikafungua mkanda, na hapo kwenye nyasi nikaona mgongo mweusi. Shangazi, mtu aliyekulia zizini akiona mgongo mweusi anaona ng'ombe. Nikasema hii ng'ombe ya nani imepotelea humu, mwenyewe atapigwa faini maskini wa watu. Nikaipigia mluzi, ule wetu wa kuliita dume linalobaki nyuma. Ikainuka. Pembe nazo zikainuka, na zikawa zinaendelea kuinuka.

Alikuwa mbogo, dume lililozeeka likafukuzwa na wenzake, rika langu. Miguu ikagoma. Nilichosikia ni mkono umenishika mkanda kwa nyuma, mkanda ukaja na suruali, mimi nikabaki pale pale. Ni Rachel, alikuwa ameusikia mluzi. Akauachia mkanda akanikumbatia kiunoni, hakupiga kelele, alisema tu, "Baba, twende," akaninyanyua nusu akaniburuta nusu, nikapandishwa ngazi suruali ikiwa magotini, mlango ukafungwa, na mbogo akaja akaigonga ile ngazi ikapinda kama kijiko cha plastiki. Wazungu waligeuka baada ya kishindo, mimi nikiwa tayari nimefunga vifungo. Tunaojua ni watatu, mimi, Rachel, na Obedi dereva aliyeona kwenye kioo, na Obedi nilimwapisha kwa jina la mama yake kwamba hakuona.

Niliporudi nyumbani kulikuwa na sherehe ya komunyo ya mjukuu wangu Angela. Nyumba imejaa, wakaniuliza habari za porini, na mdomo wangu ukatangulia. Nikasema mkwe wangu alishuka kwenye gari akakutana na mbogo, mimi nikashuka, nikapiga mluzi wa Kisukuma, mbogo akasimama kama askari, nikamwambia mkwe pita nyuma yangu upande. Vigelegele! Mzee mwenzangu akanihamishia paja lake la kuku. Rachel alikuwa mlangoni na sinia la pilau. Mwanangu Maige, mumewe, akamgeukia, "Kweli, Mama Angela? Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Kama Baba ameshasema, mimi niongeze nini?" Akaweka sinia akaenda jikoni.

Tangu siku hiyo chakula changu cha Jumapili, ambacho Rachel alikuwa akileta mwenyewe na kukaa uani kunisimulia safari zake mpaka jua lizame, kinaletwa na Maige kwa pikipiki. Na Maige, bila kujua kwamba ananichoma, akaniambia kampuni imempa mkewe barua ya onyo kwa sababu ya ngazi na kwa sababu abiria alishuka bila ruhusa, wanataka jina la huyo abiria na maelezo yake kufikia mwisho wa mwezi, na Rachel ameandika "abiria mmoja" basi, haongezi. Bila hayo maelezo, ile safari ya mwezi wa tisa ya kwenda mpaka Zambia, ambayo kwa mara ya kwanza alipewa aiongoze mwanzo hadi mwisho, inakwenda kwa mtu mwingine. Maige akasema, "Sijui ni mzungu gani huyo mjinga aliyemfanya Mama Angela ashuke, mistari mitatu tu inamshinda?" Nikamjibu, "Wazungu ndivyo walivyo, mwanangu."

Sasa nikisema ukweli, wazee watauliza mkwe alikushika wapi, na katika ukoo wetu jambo hilo lina mbuzi wake wa faini, na vigelegele vyote nitavirudisha. Nikinyamaza, Rachel anakosa Zambia. Nisikudanganye na wewe kwamba nimekonda, nalala vizuri, nakula, nikikumbuka wale twiga nacheka peke yangu, ila Jumapili nikisikia ile pikipiki inakuja na hotipoti tu, hamu ya ugali inakatika. Nifanyeje Shangazi? Au nisubiri kidogo, huenda watamsamehe wenyewe?

Mzee, Buhongwa.

*

Shangazi Justa anajibu:

Mzee wangu, shikamoo, umenizidi. Nimesoma barua yako nikacheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kusoma nyuma ya bega langu. Tuliacha kucheka wote kwa pamoja, pale uliposema wazungu ndivyo walivyo.

Pole. Haya yako naielewa, wala siidharau. Hukushuka kwa ubishi, ulishuka kwa sababu ulimheshimu mke wa mwanao kuliko ulivyokiheshimu kibofu chako. Lakini heshima gani hiyo inayokaa kwenye kibofu na haifiki mdomoni?

Mtazame mwenzako. Bosi anataka jina, yeye analo. Neno moja tu na Zambia ni yake. Hakuliandika. Amekuficha kazini, amekuficha kwa mumewe, na amekuficha akiwa na sinia mkononi wakati wewe unakula paja la mwenzio. Halafu unaniuliza kama usubiri. Usubiri nini, mzee? Mbogo arudi aeleze?

Chukua karatasi leo. Usimtafute mtu wa kukuandikia, darasa la tano linatosha, nimeona. Weka jina lako kamili, sema ulikuwa abiria, ulishuka bila kubonyeza kengele na bila kumwambia kiongozi, yeye alikuwa kazini upande wa pili, akakufuata akakuokoa. Weka sahihi. Obedi naye mfungulie kiapo chake aandike alichokiona, mama yake hatadhurika. Suruali usiitaje kwenye barua ya kampuni, haiwahusu. Kwa ndugu zako itaje, tena mwanzoni kabisa, maana bila suruali hawatakuamini. Watakucheka mpaka Krismasi. Wewe umeshawacheka wangapi?

Lakini kabla yao aanze Maige, ana kwa ana, siyo kwenye simu. Mtoto umemwacha anamwita baba yake mjinga na ukamwitikia.

Mbuzi atoke zizini kwako. Atakayesema mkwe ndiye mwenye kosa, muulize kama yeye angependa Rachel asimame aangalie unavyopigwa pembe. Mchinjeni, mleni, yaishe. Na siku hiyo Rachel asibebe sinia. Akae, aletewe.

Kwake usiende na hotuba. Nenda na nakala ya barua, mkabidhi uani, sema asante, nyamaza. Najua kunyamaza ndiko kutakakokutoa jasho. Na usianze kuulizia kama Zambia kuna kiti kimebaki. Nimeona ulivyowaandika wale twiga, najua unakoelekea.

Mwisho, jina lako nimeliondoa, na ya wengine ulishayabadilisha. Lakini Buhongwa hakuna wazee wawili waliopakiwa kwenye lori la wazungu mbele ya duka la mangi. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumanne. Gazeti linatoka Jumamosi. Una siku nne za kulisema kwa mdomo wako kabla hawajalisoma.