Kikohozi Nyuma ya Pazia

Chokocho, Ijumaa, Mfungo Tano, 1936

Na leo tena nimetia chumvi, Mungu anisamehe. Baada ya sala baraza langu lilijaa watu, na katika wote ni mimi peke yangu niliyefika Bombay. Wenzangu mwisho wao Wambaa, hapa hapa Pemba. Nikawaambia nyumba za kule zina ghorofa ishirini.

Kisha nikangoja, kwa mazoea. Marehemu mke wangu alikuwa akisikia uongo wangu, anakohoa nyuma ya pazia. Akikohoa mara moja, napunguza kidogo. Akikohoa mara mbili, napunguza sana. Watu walikuwa wakicheka mpaka kahawa inawamwagikia, na mimi nikizidi kujivuna, maana Pemba nzima nani alikuwa na mke kama yule?

Leo kimya.

"Ishirini, Bwana Hamadi?" akauliza Mzee Faki, kwa upole kama anasema na mgonjwa. Upole ule uliniudhi kuliko matusi.

Anayenitia wasiwasi ni binti yangu Zuwena. Tangu tumzike mama yake, mtoto hacheki. Anapika, anafagia, ananijibu "Naam, baba," basi. Nimejaribu kila mzaha nilionao, na ninayo mingi...

"Ishirini na tano!" nikasema kwa hasira.

Pazia likatikisika. Kikohozi. Kikafuata cha pili, halafu Zuwena akashindwa kujizuia, akaangua kicheko kile kile cha mama yake.

Nikashusha mpaka nne. Kweli zilikuwa tano, lakini ningeibomoa nyumba nzima nimsikie tena.