Sahani ya Baba

Mjomba Reino mpendwa,

Habari za Turku? Huku baridi imekaza hadi maji yanaganda ndooni jikoni.

Jumapili niliwapeleka wadogo zangu msituni kutazama ndege, nikiwa na kile kitabu cha ndege ulichonitumia. Jouni alikuwa na mafua.

"Ukipiga chafya tena nakuzika kwenye theluji," Pirkko akamwambia.

"Na ukichoka nani atakubeba, kibonge?" Jouni akamjibu.

Mara akaja kuukkeli, yule ndege wa kijivu mwenye mkia wa rangi ya kutu, akatua kwenye kiganja cha Pirkko chenye makombo ya mkate. Unajua wazee wanavyosema: mwindaji akifia msituni, roho yake huingia kwa ndege huyo. Pirkko akasema, "Baba, kula."

Mjomba, tangu Baba aende kuwinda Oktoba na asionekane tena, Mama humwekea sahani yake kila jioni. Ukitamka neno "marehemu" anaondoka chumbani.

Ndege alitufuata mti kwa mti hadi nyumbani. "Mama, Baba kaja!" Pirkko akapaza sauti. Nilidhani atachapwa. Mama alisimama dirishani muda mrefu, kisha akaitoa nje sahani ya Baba, ikiwa na nyama, akaiweka juu ya gogo.

"Kula, mume wangu," alisema, "halafu uende salama."

Jioni hakumwandalia tena. Ila ndege hajaenda. Yuko kwenye msonobari, anatazama dirisha langu ninapoandika. Njoo, Mjomba. Mama ameshamuaga, mimi bado siwezi.

Mpwa wako,
Irja