Vyombo Vilikuwa Vimejaa

Al Qusais, Dubai
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwa mama yangu Bi Tufaha,

Shikamoo mama, na salamu kwako na kwa wote waliomo nyumbani. Magoti yanaendeleaje? Yale mafuta ya kuchua niliyokuletea yamekufaa, au umeshayagawa kwa majirani kama kawaida yako? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hautulii, na ndiyo sababu leo naandika karatasi badala ya kukurekodia sauti. Simu ya kaka Fawaz husikilizwa na nyumba nzima, na haya si ya nyumba nzima. Khairunisa, mwenzangu wa hapa Dubai, anakuja huko likizo kesho. Atakusomea chumbani, mlango umefungwa, na umwambie asome polepole.

Mama, kila ukinipigia, kabla hujaniuliza mimi huuliza kuku wa madam wazima. Nami hujibu wazima. Najua unavyojisifu huko kwamba mwanao amekabidhiwa banda la kuku Dubai kwa sababu amelelewa nawe. Kweli, madam Rawan alinipa kuku wake kumi na wanne alipoona ninavyowashika. Lakini kufuga huku si kama kwetu, ambako wakichoka na jua hujipenyeza chini ya mhogo. Maranda ya bandani nayapindua kila asubuhi kwa reki, na yaliyolowa chini ya vyombo vya maji nayatoa hapo hapo, la sivyo harufu yake itakutoa machozi. Vyombo vyenyewe viko juu ya matofali, usawa wa migongo ya kuku, wasichakure maranda yakaingia majini.

Na maji, ati! Agosti hapa mambo hugeuka. Bomba la baridi hutoa maji ya kuunguza kwa sababu tangi liko juani kwenye paa. Bomba la moto, ambalo tangi lake liko ndani, hita ikiwa imezimwa, ndilo hutoa maji ya kunyweka. Kuku hanywi maji ya moto, mama, hata afe kwa kiu. Kwa hiyo madam alipokwenda Salalah na watoto wake aliniusia mara tatu: maji yabadilishwe asubuhi, adhuhuri na alasiri, na barafu itiwe.

Sasa nikupe habari yenyewe. Ijumaa iliyopita wamekufa kuku sita. Yule mtetea wa kahawia aliyekuwa akinifuata hadi mlango wa jikoni naye kafa. Nilimpigia madam, akalia kwenye simu, kisha akataka nimpigie picha banda lote. Alipoona vyombo vimejaa maji na vipande vya barafu vinaelea, akasema basi hii si kiu, hii ni sumu.

Na Alhamisi, siku moja kabla, Elisante alikuwa amenyunyiza dawa ya wadudu kwenye mitende. Elisante ni Mtanzania wa Same anayetunza bustani, ana mwaka wa nne hapa, na ndiye aliyenifundisha hiyo habari ya mabomba nilipokuja mara ya kwanza. Aliapa kwamba alilifunika banda kwa turubai kabla ya kunyunyiza, na kwamba dada Kulusumu, yaani mimi, alimwona. Madam aliporudi Jumatatu akaniuliza mbele yake. Nikaangalia chini, nikasema sikuona vizuri. Elisante hakunigombeza hata kidogo. Aliniambia tu baadaye kwamba huenda kweli sikuona, nilikuwa na kazi nyingi. Madam amesema khalas, imekwisha, tiketi yake ya kurudi ni kesho usiku. Tangu hapo, nikisikia begi lake likiburutwa kule chumbani kwake nyuma ya bustani, hufungulia bomba la jikoni nisilisikie.

Mama, nilimwona. Turubai nililishika upande mmoja mimi mwenyewe.

Wala hakukuwa na sumu. Ijumaa ile nilitoroka. Khairunisa alikuwa na shughuli ya hina ya mwenzetu wa Diani kule Al Jaddaf, nikasema madam hayupo, nani atajua? Nilivijaza vyombo hadi juu saa moja asubuhi, kama unavyojaza karai lako la kuku uendapo shamba, nikaona nimemaliza, maji hayataisha. Nikapanda metro. Niliimba mama, nikala pilau, nikasahau nina roho za viumbe mkononi. Narudi karibu na magharibi, vyombo vimejaa vile vile. Nikatia kidole, nikakitoa mbio. Maji yalikuwa kama ya chai, na wao wamelala kandokando ya vyombo, midomo wazi.

Nilichofanya baadaye ndicho kinachoniua. Niliyamwaga yale maji, nikatia mengine kutoka bomba la ndani, nikatia barafu, ndipo nikapiga picha. Niliogopa. Mtu akitoka bila ruhusa huku, mara moja anaitwa mtoro na kurudishwa kwao, na nilikuona wewe ukiulizwa na watu mwanao amerudi kwa nini. Nikamwachia mwana wa mwenzio abebe. Nisamehe mama. Wewe ndiye uliyenifundisha mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha kwa barafu.

Madam amelala kidogo. Akishaswali alasiri hunywa chai yake sebuleni, na leo nitaipeleka mimi nimweleze yote, turubai, hina na maji. Nimeshamwambia Elisante asifunge begi. Ameniangalia sana, kisha akaniuliza mimi je, begi langu nitalifunga lini.

Khairunisa amefika, yuko getini anapiga honi na teksi inamsubiri. Nisalimie kaka Fawaz na mkewe, wabusu watoto, na kuku wako wote nisalimie pia. Adhuhuri wabadilishie maji, hata kama karai limejaa.

Na ukiniona mlangoni kabla barua hii haijapoa mkononi mwako, usiniulize kitu mbele za watu. Nipe maji kwanza.

Mwanao,
Kulusumu