Moteri Iliyoombewa na Boti Isiyoiweza

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Uvira. Jumatatu, tarehe 10 Julai 2023. Mpokeaji: Vainqueur, OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi).
Jina: Georgette Nabintu. Umri: miaka 49. Kazi: muuza ndagala, tena mwimbishaji wa kwaya ya bamama. Masomo: darasa la sita. Makao: kata ya Kimanga. Ameomba kuandika kwa mkono wake mwenyewe.

Nakusalimu kwanza, Bwana OPJ Vainqueur, kwa jina la Mwokozi. Afya yako inaendeleaje? Asubuhi nilikusikia ukikohoa nyuma ya meza, nikajisemea huyu analala na dirisha wazi. Chemsha tangawizi, kamulia ndimu, kunywa ikiwa moto. Minye niko muzima, namshukuru Mungu, na uzima huo ndio ulionileta hapa. Papa Révérien mliyemfungia kasho ndiye aliyeniokoa ziwani siku ya Alhamisi. Hakuiba moteri ya boti. Moteri najua pahali iko.

Boti ni ya kanisa letu. Giza la mwezi likiingia inavua ndagala kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa ndagala hawaji kwenye taa, basi siku hizo inatubeba sisi wachuuzi mpaka Makobola na kuturudisha. Anayeiendesha ni Papa Révérien, na msaidizi wake ni Félicien, mtu mzima mwenye mdomo usiopumzika.

Mwezi wa nne baraza la kanisa lilikaa kuchagua moteri. Papa Révérien alisimama akasema, “Tuchukue ya nguvu za farasi kumi na tano, ya mguu mfupi. Boti yetu ni fupi na nyuma yake iko chini. Hiyo watu wawili wanaibeba, tena hainywi mafuta sana.” Shemasi Térence, mkubwa wa baraza, ambaye leo ndiye mlalamikaji, akamjibu, “Papa Révérien, Mungu wetu ni wa farasi kumi na tano?” Kanisa lote likacheka, watu wakapiga makofi, na wimbo ukaingia palepale. Hivyo ndivyo ilivyonunuliwa ya farasi arobaini.

Jumapili iliyofuata iliwekwa mbele ya madhabahu. Wazee wakaipaka mafuta, tukanyoosha mikono, ikapewa jina Ushindi. Kesho yake ikafungwa kwenye boti. Boti ikakalia matako, pua ikapanda juu.

Papa Révérien akasema, “Shemasi, angalia. Boti iko inatazama mbinguni. Tuirudishe kwa mwenye duka.”

Shemasi akasema, “Kitu kilichoombewa hakirudishwi dukani. Utamwambia Mungu tulikosea?”

Bwana OPJ, weye umesoma, lakini swali lile hata weye lingekushinda. Shauri likakatwa kwamba mbele ya boti kuwekwe mifuko miwili ya mchanga ili pua ishuke. Na siku za kubeba bamama, mchanga ulibaki pwani, tukakaa sisi pahali pake.

Alhamisi, tarehe 6 Julai, tulitoka Makobola kama saa mbili asubuhi. Tulikuwa wanne: Papa Révérien kwenye moteri, Félicien, mwenzangu Mama Josée, na minye. Félicien akatupanga. “Mama Georgette, weye na Mama Josée mukae mbele. Leo nyiye njo mifuko ya mchanga.”

Mama Josée akamwambia, “Na weye njo moteri. Makelele mingi, kazi hakuna.”

Tukacheka mpaka karibu na Kigongo. Hapo upepo wa kusini ukatukamata kwa mgongo. Wimbi likija mbele, pua inalipanda. Likija nyuma, nyuma ikiwa nzito, linaingia kama mgeni asiyebisha hodi. La kwanza lilitulowesha migongo. Papa Révérien akapunguza moto wa moteri, akaacha wimbi litupite, akaongeza tena kidogo. Aliiendesha hivyo kama mtu anayembembeleza ng’ombe mkali, na ingetufikisha. Lakini Mama Josée akashikwa na hofu, akainuka, akakimbilia nyuma kumshika mguu nahodha.

“Rudi mbele, mama!”

“Naogopa, papa! Niko naita Yesu!”

“Yesu iko mbele! Mufuate kule!”

Mama Josée akageuka akaenda mbele akitambaa, lakini wimbi la pili lilikwisha kuingia. Lilifunika moteri yote. Moteri ikakohoa, ikanyamaza. Papa Révérien akavuta kamba ya kuwasha, akavuta tena. Kimya. Maji nyuma yalimfika magoti. Nilimwaga ndagala zangu kutoka kwenye beseni nikaanza kuchota maji. Ndagala zilielea miguuni petu kana kwamba zimekumbuka kwao.

Papa Révérien akaangalia moteri, akaniangalia minye. Akasema polepole, “Mama Georgette, kanisa itasema nini?”

Nikamjibu, “Kanisa iko ndani ya hii boti. Moteri itoe.”

Naomba uandike vizuri alivyofanya, Bwana OPJ, maana mwizi hafanyi vile. Hakuitupa. Alimwambia Félicien aifunge kwa kamba kubwa ya wavu, na mwisho wa kamba afunge bidon la mafuta, la njano, tupu, lililofungwa kifuniko. Akalegeza vis mbili, zile skrubu zinazoishika. Kabla ya kuiachilia aliweka mkono juu yake akasema, “Bwana, tunakuwekea.” Ikashuka. Pale mto mdogo umejaza mchanga, maji si marefu, kamba ikatosha, na bidon likabaki likielea juu. Nyuma ya boti ikainuka palepale kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Halafu akatupa wavu majini kutoka puani, ameufunga kwa kamba nyingine. Wavu ukavuta, boti ikageuka yenyewe, pua ikatazama mawimbi. Tukapumua, tukachota maji mpaka sakafu ikaonekana. Upepo ulipolegea kidogo wakaingiza wavu, wakashika makasia, tukaenda kwa upande upande kuelekea nchi kavu. Nilianza kuimba ili wapige kasia pamoja. Papa Révérien akapiga kelele, “Mama Georgette, huo ni wa mazishi! Leta wa haraka!” Nikaleta wa harusi. Tukafika Kigongo tumelowa, tunacheka na kulia, wote wanne.

Ijumaa Shemasi Térence alitukuta pwani ya Kimanga. Akauliza, “Ushindi iko wapi?”

Papa Révérien akasema, “Iko mule majini, shemasi. Iko na bidon.”

“Moteri ya farasi arobaini inaogelea? Umeipitisha mpakani Kavimvira, umeiuza Burundi!”

Kweli Papa Révérien alionekana Kavimvira asubuhi ile. Alikwenda kumwona shemeji yake mgonjwa, mikono mitupu. Nilimweleza shemasi yote haya. Akaniambia, “Weye ulikuwa unaimba, hukuona.” Bwana OPJ, ninaimba macho wazi. Jumamosi mkamfunga.

Sasa mke wake Alliance anapeleka chakula hapa kwenu, na kila akirudi watu wanamuuliza moteri iliuzwa kwa nani. Papa Révérien alituonyesha alama siku ile: ukiwa majini mbele ya Kigongo, mabati mekundu ya shule yakificha mnara wa simu, uko juu ya moteri. Giza la mwezi linakuja, wavuvi watashuka wengi. Mmoja akikata kamba ile na kuchukua bidon, ushahidi wa mtu mwema umekwisha.

Nimeandika niliyoyaona, sikuongeza chumvi, na Mungu anayesoma juu ya bega langu anajua. Tafadhali, Bwana OPJ, tuma watu waangalie, kisha unijibu upesi.

(Sahihi) Georgette Nabintu

Maandishi ya OPJ:
Nimepokea maelezo haya. Tarehe 11 Julai, asubuhi, nimeteremka Kimanga na mlalamikaji Térence. Wenye boti wote waliokuwepo wamekataa kutupeleka kwa sababu ya mawimbi, wakisema anayeiweza hali hii yuko kasho. Mtuhumiwa ametolewa kasho chini ya ulinzi na kupewa boti ya kuazima yenye moteri ya farasi kumi na tano. Karibu na Kigongo, mtuhumiwa ameamuru watu wote wasogee mbele. Mlalamikaji ametii wa kwanza, mimi wa pili. Bidon la njano limeonekana kwenye alama iliyotajwa. Kamba imevutwa, na moteri imefika juu ya maji, ikatambuliwa na mlalamikaji kwa jina lililoandikwa juu yake. Mtuhumiwa ameuliza kama ipandishwe ndani ya boti. Wakati huo wimbi limeingia. Mlalamikaji amejibu, nami naandika kama alivyosema: “Iachie, Papa Révérien. Iachie haraka.”

Imeachiwa irudi chini, kamba ikiongezewa bidon la pili. Malalamiko yameondolewa humo humo majini. Révérien amerudi kwake leo. Shahidi ajulishwe.