Sikutia Sahihi kwa Jina la Kiula

Jumatano, Oktoba. Singida mjini.

Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Nimeamka na hasira ya jana, nimekuja nayo hapa kwenye duka la intaneti, na sina nia ya kuiacha mlangoni.

Jana nilikuwa Shelui. Kijiji nilikozaliwa hakiko mbali na pale. Wakati wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa tulipakiwa kwenye lori na vyungu vyetu, na tangu hapo nimeishi Mitundu kama mgeni aliyesahau kuaga. Miaka yote hii nimetaka kitu kimoja tu: nirudi, nijenge chumba kimoja, nizikwe kwetu.

Omari Kiula aliniita anipe kitu hicho.

Omari ana malori na kituo cha mafuta. Tangu biashara zilipofunguliwa, mkono wake haujakauka. Babu yake alikuwa jumbe enzi za Mwingereza. Sasa anajenga mnara kando ya barabara kuu, wa askari wa ukoo wa Kiula waliopigana Burma. Ameagiza kumbukumbu za medali kutoka Uingereza, na kweli humo akina Kiula wamejaa. Wote anawaita wana wa babu yake. Mtoto wa kila askari atapewa kiwanja, mradi atie sahihi kwamba baba yake alizaliwa na jumbe.

Nilimkuta baba kwenye kumbukumbu hizo. Lyanga Kiula, koplo.

Sikuwahi kuliona jina lake limechapwa popote.

Lakini baba alinisimulia ilivyokuwa siku ya kuandikishwa jeshini. Karani wa jeshi alitoka mbali, hakujua desturi zetu. Akawauliza vijana waliopanga foleni, mmoja mmoja: baba yako nani? Kwetu mtoto hatamki jina la baba yake mbele ya wakubwa. Wakanyamaza, macho chini. Karani akamtazama jumbe aliyewaleta, akaandika jina lake kwa wote. Baba alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anakohoa: "Siku ile Kiula alipata watoto kikosi kizima, na hakuna mwanamke aliyeshikwa na uchungu!"

Jina hilo likarudi naye kwenye cheti chake cha jeshi. Kwa cheti hicho mimi nikaandikishwa shule, na nimezeeka nalo.

Wana wa jumbe wenyewe walibaki nyumbani na ng'ombe wao.

Hakwenda hata mmoja.

Niliyasema haya jana kwenye mkutano alioitisha Omari, mbele ya watu. Omari akatabasamu. "Mzee wangu, karatasi ya Mzungu haidanganyi."

"Haidanganyi, mwanangu. Iliandika ilichokiona. Iliona vijana wamenyamaza na jumbe amesimama."

"Haya, na kadi yako ya kupigia kura inasemaje? Si Kiula hiyo?"

Watu wakacheka. Nami ningecheka, kama mzaha ule usingekuwa juu ya baba yangu.

Nikasimama. Nikatamka kile ambacho tangu utotoni sijawahi kukitamka mbele ya wakubwa: "Mimi ni mtoto wa Lyanga. Lyanga ni mtoto wa Gunda. Gunda alikuwa mfinyanzi, hakuwa jumbe wa mtu." Nikamrudishia Omari kalamu aliyonipa ya kutilia sahihi. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma naye akaweka ya kwake chini. Sijui kama aliiokota nilipoondoka.

Asubuhi hii dada yangu, habari zikiwa zimeshamfikia, kanipigia simu kutoka Mitundu. "Kaka, ulikwenda kuchukua kiwanja au kugombana na marehemu?"

Nimemwambia nilikwenda kumchukua baba.

Akajibu: "Haya, rudi naye basi. Nafasi ipo."

Je, inauma? Inauma sana. Kila nikifumba macho naona kile kiwanja, na mlima ule nyuma yake. Lakini nisingeweza kulala pale juu ya uongo ule, wala nikiwa hai wala nikiwa kaburini.

Kesho napanda basi la Mitundu. Nikifika nitamtafuta fundi anichongee ubao wa mninga, niugongomee juu ya mlango wangu: Koplo Lyanga, mtoto wa Gunda.

Na karani yeyote akipita akiniuliza baba yangu ni nani, nitamjibu kwa sauti.